Rafiki Nje ya Gereza

Zamani, katika mji wa Torino, nchi ya Italia, vijana wengi walitoka vijijini kutafuta kazi. Wengine walikuwa yatima. Waliwabebea waashi mawe na chokaa, wakalala po pote. Aliyekosa kazi alikosa chakula. Mwenye njaa aliiba. Na mwizi alitiwa gerezani.

Mwaka 1841 padri kijana, Giovanni Bosco, alifika Torino. Watu walimwita Don Bosco. Alipokwenda kuwaangalia wafungwa, alikuta humo vijana wa miaka 12 mpaka 18, wenye nguvu na akili, nao wanakaa bure, wanaliwa na wadudu. Jambo moja lilimhuzunisha zaidi. Wengine walifunguliwa wakiwa na nia ya kuwa watu wema, lakini baada ya siku chache walirudishwa. Kwa sababu gani? Huko nje hawakuwa na mtu. Basi Don Bosco akafikiri: kijana akipata rafiki wa kumtunza, pengine hatarudi tena.

Siku ya Dominika akawakusanya ili wasali, wajifunze na kucheza. Siku za kazi aliwafuata kazini, akazungumza nao na mafundi wao.

Mwaka 1846 mama yake, Margherita, aliacha nyumba yake kijijini, akaja kumsaidia. Usiku mmoja waliwalaza vijana kadhaa katika majani makavu. Asubuhi vijana hawakuwapo, na mablanketi hayakuwapo! Hata hivyo hawakufunga mlango. Mwaka 1847, usiku wa mvua, yatima mmoja akabisha hodi. Mama akaogopa kwamba naye atatoroka. Lakini alimpa chakula, akamkausha motoni, akamtandikia jikoni kitanda cha matofali na mbao. Huyo akakaa. Baada yake wakaja wengine wengi.

Je, gharama ilitoka wapi? Don Bosco alikuwa masikini, akaomba bila haya. Wenye mali walitoa fedha. Wanawake walishona nguo zilizopasuka. Mafundi walipokea vijana kazini. Mwaka 1852 aliandika mapatano na seremala mmoja: fundi atamfundisha kijana useremala kwa miaka 2, atamlipa kila juma, atamwonya kwa maneno, si kwa fimbo.

Don Bosco alikufa mwaka 1888, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1911 wanafunzi wake, Wasalesiani, walifika Elisabethville, mji unaoitwa sasa Lubumbashi. Hata leo wanapokea huko watoto wa barabarani, wanawafundisha kusoma na kazi za mikono.

Wazee husema: mkono mmoja haulei mwana. Fedha hununua blanketi. Lakini kijana aliyepotea anahitaji pia mtu anayejua jina lake, na kumngojea.

Maulizo
1. Kwa nini vijana walirudi gerezani?
2. Mama Margherita aliogopa nini? Akafanya nini?
3. Asiye na fedha aweza kumsaidiaje mwenzake?