Nafasi moja, tiketi mbili

Tuseme unaunda programu ya tiketi za boti ya Mbita hadi Takawiri. Imebaki nafasi moja. Simu ya mhudumu inaonyesha moja, ya wakala kule gatini pia moja. Wote wanauza. Abiria amezidi, na Ziwa Victoria si la kuchezewa.

Shida ni kila simu kujihesabia. Hesabu ikae mahali pamoja, kwenye seva. Simu itume ombi tu. Seva ishughulikie moja baada ya jingine, ikubali au ikatae, ndipo skrini zibadilike. (React, iliyotolewa na Facebook 2013, nayo hupitisha data upande mmoja ndani ya skrini.)

Utauliza, mbona nisipunguze tu nafasi papo hapo? Mtandao ukikatika ziwani, tiketi ibaki “inasubiri”, isiwe “imeuzwa”.