TELEVISHENI YA MKOANI: KAMBA IKO MKONONI MWA NANI?

Ndugu msomaji, jina la Isingiro liko pande mbili za mpaka. Upande wetu ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Upande wa Uganda ni wilaya nzima. Mnyambo na Mnyankore husikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo lugha ya TV West, kituo cha televisheni cha Mbarara, si ngeni masikioni mwa wazee wa Kyerwa.

Hata hivyo, ulimi wa kituo hicho uko Mbarara na mfuko wake uko Kampala. Mwenye mali ni Vision Group, kampuni ya gazeti la New Vision na Bukedde TV, ambayo Serikali ya Uganda ina hisa nyingi ndani yake.

Wajapani wamefuata njia nyingine. Katika mkoa wa Miyazaki, kusini mwa nchi hiyo, kipo kituo kiitwacho UMK kilichoanza mwaka 1970. Hicho ni kampuni ya hapo hapo, ila kimefungamana kwa mkataba na mitandao ya Tokyo. Kwa kuwa mkoa huo una vituo viwili tu vya televisheni vya biashara, UMK hupokea vipindi vya mitandao mitatu. Tokyo huleta michezo ya kuigiza na habari za taifa. Miyazaki hupeleka habari za kwao.

Faida ya mpango huo huonekana siku ya dhiki. Mwaka 2010 ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka Miyazaki, na ng'ombe na nguruwe zaidi ya 280,000 wakauawa ili kuuzuia. Siku kama hizo mfugaji hutaka kujua njia ipi imefungwa na zizi lipi limepatwa, na mambo hayo hayajulikani na mtu aliyeketi mji mkuu.

Nasi tuna msiba wetu. Mnyauko wa migomba ulithibitika nchini mwaka 2006, ukianzia Kagera. Huenezwa na wadudu na kwa visu vichafu. Dawa yake ni kukata ua dume kwa kijiti cha panda, kusafisha kisu kwa moto na kung'oa shina lililougua. Elimu hiyo isipomfikia bibi aliye shambani, familia itakosa ndizi mezani.

Kanuni zetu za utangazaji hutaka Kiswahili au Kiingereza, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Lakini Kiswahili kisichotaja Kyerwa hakimsaidii mkulima wa Kyerwa. Basi, ndugu msomaji, unaposifu kituo kwa picha zake safi, uliza pia: katika saa zake ishirini na nne, ngapi ni za watu wa mahali hapo?