Sura ya Sita: Mkanda Unaopanga Zamu

Boti itokayo Lamu kwenda Pate hupita mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara. Nahodha hapo hufuata maji: yakijaa anapita, yakipwa anangoja. Chini ya kifuniko cha mashine iliyomfikisha hapo mna mkanda mwingine, wa mpira wenye meno, nao ndio unaoamua ndani ya injini nani apite na nani angoje. Ukikatika, mashine huzima papo hapo. Dereva aliyezimikiwa na gari kwenye barabara ya Mokowe atashuka atafute kivuli. Nahodha aliyezimikiwa nje ya Manda wakati wa kusi hana pa kushuka. Kwa hiyo sura hii naiandikia kwanza mwenye boti, ingawa mwenye gari ataikuta kazi yake humu humu.

Zamu ndani ya silinda

Aijuaye Lamu anavijua vichochoro vya Mkomani. Penye wembamba, punda wawili wenye mizigo hawapishani. Mmoja hupita, mwenziwe akangoja. Silinda ya injini ya fostroki ni kichochoro cha namna hiyo. Pistoni hupanda kutoka chini, na vali hushuka kutoka juu kuingia nafasi ile ile. Pistoni imefungwa kwenye krankishafti, vali husukumwa na kamshafti, na mkanda ndio unaoziunganisha shafti hizo mbili. Puli ya kamshafti ina meno mara mbili ya ile ya krankishafti, hivyo kranki ikizunguka mara mbili, kamu huzunguka mara moja. Hesabu hiyo inatokana na mipigo minne ya injini: kuvuta hewa na mafuta, kuvigandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Mipigo hiyo humalizika kwa mizunguko miwili ya kranki, na humo kila vali hufunguka mara moja.

Mashine ikienda mizunguko 5,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 2,500, yaani zaidi ya mara 40 kwa sekunde. Mkanda ukiruka jino moja, nguvu hupungua na injini hutetemeka. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hupanda ikakuta vali bado iko njiani, ikaipinda. Hapo gharama si ya mkanda tena, ni ya kufungua kichwa cha injini.

Mashine za tustroki, zilizozoeleka sana pwani, hazina kamshafti wala vali hizi, kwa hiyo hazina mkanda huu. Fundi aliyekulia kwenye tustroki anaweza kuwa bingwa na asiwe ameugusa hata siku moja. Mwulize kabla hujampa kazi.

Mkanda haupigi kelele

Zamani kazi hii ilifanywa na gia au mnyororo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kijerumani ya Glas ilitoa gari lake la 1004, ambalo kamshafti yake ilizungushwa kwa mkanda wa meno, na watengenezaji wengine wakafuata. Mkanda ni mwepesi, ni mtulivu, na hautaki oili. Lakini utulivu huo una hatari yake. Mnyororo uliochakaa hugonga ukasikika. Mkanda mara nyingi hunyamaza mpaka siku ya kukatika. Ndiyo maana hatungoji dalili, tunahesabu. Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ huwekewa taa ya kumkumbusha dereva kwamba muda wa mkanda umefika. Kwa mashine nyingi za fostroki za Yamaha, kitabu huagiza mkanda ubadilishwe kila saa 1,000 au miaka 5, lolote litakalotangulia. Boti inayofanya kazi saa nne kwa siku, siku sita kwa wiki, hutimiza saa 1,000 kabla ya mwaka kwisha. Mwenye boti ya abiria akitegemea ile miaka 5, amejidanganya.

Kazi uani

Ifunge mashine kwenye stendi ya mbao imara, mahali penye kivuli. Toa waya wa betri, kisha toa plagi zote ili injini izunguke bila kukupinga. Katika mashine nyingi za boti mkanda uko chini ya flaiwili, nayo huvutwa kwa kifaa chake maalumu. Usiigonge kwa nyundo: chumvi huishikisha kweli, ila pigo la nyundo huharibu shafti.

Sasa tafuta alama. Kila puli ina alama yake, na injini ina alama za kuzipokea. Zungusha kwa mkono mpaka zote zilingane, upande wa saa tu, kwani ukirudisha nyuma unaweza kuvunja mapezi ya mpira ya pampu ya maji. Piga picha kwa simu. Baada ya hapo vua mkanda, na tangu dakika hiyo usiguse kranki wala kamu: zamu haina mlinzi.

Mkanda mpya usiukunje, usiusokote, usiuguse kwa mikono yenye grisi. Nunua kwa namba ya kitabu, maana mikanda hufanana kwa macho ikatofautiana kwa jino. Uvishe kwanza puli ya kranki, kisha ya kamu, bila kuuchokoa kwa bisibisi. Kama kuna roda ya kukaza, ikaze kama kitabu kinavyosema.

Kisha fanya jambo ambalo wenye haraka hulipuuza. Kabla ya kuwasha, zungusha kranki kwa mkono mara mbili kamili, taratibu, uangalie alama upya. Zikilingana, zamu imekaa. Mkono ukikutana na kizuizi kigumu, simama. Huenda pistoni imegusa vali, na kwa kuwa ni mkono wako, hakuna kilichopinda. Vua mkanda uanze tena. Starta isingekupa nafasi hiyo.

Zikishalingana, rudisha flaiwili, kaza nati yake kwa spana ya kupimia nguvu, rudisha plagi na betri. Kabla hujafunga kifuniko, andika ndani yake kwa rangi isiyofutika: tarehe, na saa ambazo mashine imefanya kazi. Atakayeifungua tena huenda asiwe wewe, na mkanda hautamwambia umri wake.