Mmea Ulao Nzi Wanyauka Dirishani

Kijana mmoja wa Nyamianda, hapa Uvira, alishuka kutoka milimani na mmea mdogo mwekundu ndani ya mkebe wa maziwa, zawadi kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa. Majani yake yana nywele, na kila nywele ina tone ling'aalo kama umande. Nzi akitua, hunaswa. Nywele humwinamia polepole, na maji ya jani humyeyusha. Wataalamu huuita drosera. Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya mimea ya namna hii mwaka 1875.

Baada ya majuma matatu matone yalikauka, majani yakalegea. Mama aliona kuwa ni ishara mbaya kwa ugonjwa wake. Akaumwagilia maji ya ziwa asubuhi na jioni, akatia na samadi ya mbuzi. Ukazidi kunyauka.

Kwanza tumtoe hofu: Mkristo hana haja ya kusoma kifo chake katika majani. Mmea ulikuwa ukiuawa kwa ukarimu. Drosera huota katika mabwawa yenye udongo maskini, nayo hula wadudu kwa sababu mizizi yake haipati chakula cha kutosha. Samadi huiunguza. Na maji ya Tanganyika, ingawa twayanywa, yana chumvi nyingi za mawe. Nyingine huletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, nchi ya volkano. Mama mwenyewe ameuona utando mweupe mgumu ndani ya birika lake. Katika mkebe mambo ni yale yale: maji huenda zake, chumvi hubaki.

Dawa ni maji ya mvua. Yakingwe kabla ya kiangazi kuanza mwezi wa Juni, na pipa lifunikwe kitambaa, mbu wasije wakazaa humo. Udongo wenye samadi utupwe. Mmea upandwe upya katika udongo mweusi wa bwawa ulikotoka, uliochanganywa na mchanga uliooshwa, wala si ule wa ufukoni wenye makombe ya konokono. Mkebe utobolewe chini, uwekwe katika kisahani chenye maji kidogo, penye jua la asubuhi. Nyama asiupe hata kipande. Itaoza juu ya jani. Nzi watakuja wenyewe, Nyamianda hawakosekani.

Majani yaliyokwisha kuwa meusi hayatafufuka. Ayakate kwa mkasi. Atazame katikati, jani jipya linapochipuka, kama lina matone.