Rafiki Akikuagiza Hometheater, Geuza Nyuma Kwanza

Leo niongelee oda za marafiki, maana hizi ndo zinakula mtaji kimyakimya.

Mwezi uliopita jamaa yangu, tumesoma naye sekondari, alinitumia laki tatu na nusu baada ya kuuza kahawa. Ujumbe mfupi tu: "Mwanangu nitafutie hometheater kali, nimechoka kuangalia mpira kwa jirani." Chini akaweka picha ya redio aliyoiona mtandaoni, imeandikwa 12000W.

Zamani ningeagiza siku hiyohiyo. Nimekoma. Mwaka wangu wa kwanza wa duka hapa Songambele niliagiza risiva ya mtumba iliyotoka Japani, safi kama mpya. Mteja akaichomeka ukutani, moshi. Nyuma iliandikwa 100V, na umeme wetu ni 230V. Laki na themanini ya mtu niliirudisha kidogokidogo, miezi mitatu. Aliyeniuzia alisema sikuuliza. Kweli sikuuliza.

Tangu hapo kifaa nakisoma mgongoni. Ile ya 12000W nilimwomba muuzaji apige picha ya kibandiko cha nyuma. Inakula wati 60. Sasa kitu kinachokula wati 60 kitatoaje elfu kumi na mbili? Hizo ni PMPO, namba za kupamba boksi. Wewe uliza RMS, nguvu inayotoka mfululizo. Kwa sebule zetu hizi za bati, wati 50 za RMS kila spika zinatosha mpaka majirani wakuchukie.

Nikamwomba jamaa picha tatu: nyuma ya TV, nyuma ya king'amuzi, na sebule yenyewe. Alilalamika kwamba namsumbua. Nikamwambia bila picha siagizi.

Picha zikanionyesha mengi. TV yake ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Hapo waya mmoja tu unapeleka picha kwenye TV na unarudisha sauti kwenye risiva. Lakini lazima risiva nayo iwe na ARC, na hii ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo mtumba wa zamani sana hauna. Usipoipata, tafuta ya tundu la optiko, au zile waya nyekundu na nyeupe, ila hakikisha na TV inazo.

Sebule ni hatua nne kwa tano, watoto watatu. Spika tano na waya zimetapakaa sakafuni za nini? Muziki mwingi anaosikiliza ni wa chaneli mbili. Nikamshauri risiva ya 5.1, ila aanze na spika mbili za mbele, sabufa aongeze msimu ujao. Zile redio za boksi moja nyingi huwezi kuziongezea kitu.

Alitaka kutumia spika za mjomba wake. Zina ohm 4, risiva imeandikwa 6 mpaka 16. Ukizilazimisha inachemka, inajizima katikati ya mechi, halafu lawama kwako.

(Ukiposti, usiandike "risiva" tupu. Niliwahi kuandika hivyo, siku nzima watu wananiuliza inashika chaneli ngapi za bure. Andika "risiva ya muziki".)

Mchanganuo nilimwandikia WhatsApp: risiva ya mtumba 190,000, spika mbili za ohm 8 90,000, waya 15,000, usafiri 20,000, faida yangu 20,000. Chenji 15,000 nikamrudishia. Faida niliiandika waziwazi, maana rafiki akija kuisikia kwa mtu mwingine atahisi umemwibia hata kama ni elfu tano. Na kabla sijalipa, muuzaji alinitumia video risiva inapiga nusu saa, na picha ya kibandiko: 220–240V.

Mzigo ukashukia Omurushaka, ukamalizia kwa bodaboda. Jioni simu: "Kaka, haitoi sauti!" Moyo ukashtuka, nikaukumbuka ule moshi. Kumbe TV ilikuwa bado inatolea sauti kwenye spika zake yenyewe. Tukaingia kwenye mipangilio ya sauti, akachagua HDMI ARC, nikasikia mtangazaji mpaka kwenye simu yangu.

Siku hizi hayo maelezo nayaandika kwenye karatasi, naibandika juu ya risiva kabla sijafunga boksi.