Mzazi Anatetemeka, Daktari Anasema "Bado Hatujajua": Watoto Tufanye Nini?



Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie jambo linalozisumbua familia nyingi hapa Ulyankulu na mkoa wa Tabora kwa ujumla. Baba au mama ameanza kutetemeka mkono mmoja akiwa amekaa tu. Mwendo umekuwa wa kuburuza miguu, vifungo vya kanzu vinamshinda, na uso unaonekana kama amenuna ilhali hana ugomvi na mtu. Anapelekwa kwa daktari, anapimwa, kisha linatoka jibu ambalo hakuna aliyelitarajia: "Bado hatujajua kwa hakika. Rudini baada ya miezi 3."

Hapo nyumbani huzuka mabishano. Mmoja husema ni uzee tu, mwingine kiharusi, wa tatu hudai mzee katupiwa jini. Mwisho wake tarehe ya kurudi inapita, na mzazi anabaki ndani.

Kwa nini daktari hasemi moja kwa moja?

Malaria hujulikana kwa tone la damu. Maradhi mengi ya ubongo na mishipa ya fahamu hayako hivyo. Chukua ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeuandika mwaka 1817. Katika ugonjwa huu seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo, na mwili huwa mzito, mkavu na wenye kutetemeka, mara nyingi ukianzia upande mmoja. Hospitali zetu hazina kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Hata picha ya CT-Scan mara nyingi huonesha ubongo wa kawaida. Hiyo husaidia zaidi kuondoa shaka ya uvimbe, damu iliyovilia au kiharusi.

Na yapo mengine yanayofanana nao. Upo mtetemo unaoonekana zaidi mtu anaposhika kikombe kuliko anapopumzisha mkono; huo mara nyingi ni wa kurithi. Kuna tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, na kuna sukari kushuka. Viharusi vidogo vidogo navyo humfanya mtu atembee kwa shida. Baadhi ya dawa pia huleta hali hiyo, kama metoclopramide ya kuzuia kutapika, au haloperidol na chlorpromazine zinazotumika kwa wagonjwa wa akili. Na kwa sisi wa mashamba ya tumbaku, tusisahau kuwa sumu za kuulia wadudu zinaweza kudhuru mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo, daktari anaposema "rudini", hajashindwa kazi. Kule kurudi ndicho kipimo chenyewe. Anataka aone hali imekwendaje, upande gani umezidi, na kama dawa ya majaribio imesaidia. Familia isiyorudi imekikatiza kipimo katikati.

Wapo wanaoishi na ugonjwa huu bila kujua. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, waliwakuta watu 33 wenye Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao wala kupewa dawa.

Kazi ya watoto katika miezi ya kungoja

Kwanza, fungueni daftari. Andikeni hali ilianza lini, mkono au mguu upi, anatetemeka akiwa ametulia au akishika kitu, ameanguka mara ngapi, usingizi ukoje, choo kinapatikana, na kama anapaliwa akila.

Pili, siku ya kurudi bebeni dawa zote anazotumia, za hospitali, za duka na za miti shamba, na mseme kama alikuwa akipuliza dawa shambani. Msimwachishe dawa yoyote kwa kubahatisha, maana nyingine zikikatwa ghafla huleta madhara.

Tatu, mtoto yule yule amsindikize kila mara, ili maelezo yasibadilike. Kama mzee anaeleza vizuri zaidi kwa Kinyamwezi, Kiha au Kirundi, mfasirieni alichosema yeye, msijibu kwa niaba yake.

Nne, muulizeni daktari: Mnashuku nini? Mmeondoa nini? Dalili gani ituleteshe kabla ya tarehe? Je, tunahitaji kwenda Kitete au Bugando kuonana na bingwa?

Tano, nauli ichangwe mapema na ndugu wote. Kungoja msimu wa soko la tumbaku huku tarehe inapita si haki kwa mzazi.

Tahadhari: mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukilegea ghafla, au maneno yakivurugika, hicho huenda ni kiharusi. Msingoje tarehe wala asubuhi. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mzazi ni mwenye habari yake

Tumezoea kunong'ona uani ili mzee "asipate presha". Lakini mwili ni wake, na anaona anavyotetemeka. Mwambieni kwa upole: "Baba, daktari bado anachunguza, na sisi tuko nawe." Katika Surat Al-Israa, aya ya 23 na 24, Allah (SW) anatukataza hata kuwaguna wazazi wanapofikia uzee. Kumharakisha anapofunga vifungo, au kumcheka anapomwaga chai, ni katika mlango huo huo.

Mtume (SAW) alituhimiza kutafuta tiba, akabainisha kuwa uzee ndio usio na dawa. Lakini si kila linalompata mzee ni uzee. Kumsomea Qur'an ni jambo jema na halina ugomvi na dawa. Linaloumiza ni kuambiwa atupe vidonge ili kisomo kifanye kazi.

Katika ibada, ruhusa ipo. Mtume (SAW) alimfundisha Imran bin Huswain (RA), aliyekuwa mgonjwa, aswali amesimama, akishindwa, aketi, akishindwa, alalie ubavu. Mwekeeni kiti imara cha kutawadhia, ondoeni mikeka iliyokunjamana njiani, na taa iwake usiku kuelekea chooni. Ramadhani ikikaribia, muulizeni daktari na sheikh kuhusu saumu, kwani dawa za Parkinson hunywewa kwa saa maalumu na hazirukwi ovyo.

Na jina likipatikana, si hukumu ya kifo. Bondia Muhammad Ali aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta kwa mkono unaotetemeka, dunia ikimtazama, na aliishi hadi mwaka 2016.

Basi ndugu yangu, kama mzazi wako amepewa tarehe ya kurudi, itazame leo kwenye kadi yake. Allah (SW) awape shifaa wazazi wetu, na atupe subira ya kuwahudumia. Amin.

Wallahu a'alam.