Nondo Mkubwa Mwenye 'Macho' Kwenye Mabawa: Mjue Kabla Hujapulizia Dawa

Mvua za kwanza zikishaanza Mbeya na Iringa, kuanzia Novemba hivi, unaweza kufungua mlango asubuhi ukakuta mdudu mkubwa kama kiganja amejibandika ukutani karibu na taa. Rangi ni kahawia, mwili mnene wenye manyoya, na kwenye mabawa kuna kitu kama jicho kinakutazama. Watoto wanakimbia. Mmoja anasema huyo katumwa, mwingine anaenda kutafuta ufagio.

Tulia kwanza. Huyo ni nondo tu na hana shida na mtu. Haumi, hadungi wala hana sumu. Kitaalamu anaitwa Bunaea alcinoe, na yumo kwenye familia ya nondo wakubwa wa hariri, Saturniidae.

Lakini kumjua kuna faida kuliko kumshangaa tu. Watoto wake ni viwavi weusi wanaokaa kwa makundi. Mkulima asiyewajua akiwakuta kwenye mti pembeni ya shamba anaweza kudhani ni viwavijeshi, akatoa hela ya dawa bure kabisa.

Anapatikana wapi?

Huyu si mgeni. Yupo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kuanzia Afrika Magharibi, kuja huku kwetu, mpaka Afrika Kusini. Anapenda maeneo yenye miti, iwe msitu, pori la miombo au hata bustani ya nyumbani. Jangwani humkuti.

Jina la kisayansi alipewa mwaka 1780 na Caspar Stoll, kwa hiyo wataalamu wanamfahamu kwa zaidi ya miaka 240. Nyanda za Juu Kusini zina vyote anavyohitaji: miti ya aina nyingi, udongo laini, na msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei.

Utamtambuaje?

Ukipima kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, unapata sentimita 12 hadi 16. Rangi ni kahawia, mara nyingi inayoelekea kwenye wekundu, na mabawa yana mabaka au mistari myeupe. Alama kubwa ni kwenye mabawa ya nyuma: kila moja lina doa la mviringo la rangi ya machungwa, limezungushiwa weusi na weupe. Hilo ndilo "jicho". Kazi yake ni kumshtua ndege anayetaka kumla.

Dume na jike wanatofautishwa na vipapasio vya kichwani. Vya dume ni vipana kama unyoya wa ndege, vya jike ni vyembamba. Dume anavitumia kunusa harufu ya jike akiwa mbali gizani.

Maisha yake hatua kwa hatua

Jike hutaga mayai mengi kwa mafungu kwenye majani. Ndani ya wiki moja hadi mbili yanaanguliwa na viwavi wadogo wanatoka. Hawa hukaa pamoja, wanakula pamoja, wanahama tawi pamoja.

Kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa kadiri anavyokua. Akikomaa anakaribia urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima. Ni mweusi ti, ana safu za miiba myeupe au ya njano iliyopauka, na ubavuni ana vidoa vyekundu. Anatisha, kweli, ila miiba hiyo haina sumu. Usimchanganye na wale viwavi wenye manyoya mengi yanayowasha.

Chakula chake ni majani ya miti: mpera, miti ya jamii ya Croton, na Cussonia, ule mti wenye majani yaliyogawanyika kama vidole. Wakiwa wengi wanaweza kuumaliza mti ukabaki matawi matupu. Usiogope. Mti mzima wenye afya kwa kawaida huchipua tena.

Akishashiba, kiwavi hushuka chini, anajifukia kwenye udongo na kugeuka pupa. Hapo anaweza kukaa wiki nyingi, au akapitisha kiangazi chote, mpaka mvua irudi. Ndiyo maana nondo hawa wanaonekana kwa wingi mvua zikianza.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: nondo mzima hali kitu. Hana mdomo unaofanya kazi. Anaishi siku chache tu kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi. Kazi yake iliyobaki ni kutafuta mwenza, kutaga, basi.

Usimchanganye na viwavijeshi

Viwavijeshi vamizi waliingia Tanzania mwaka 2017, na kwa mikoa inayotegemea mahindi kama Mbeya na Iringa, hofu hiyo ina sababu. Ila tofauti zipo wazi:

• Kiwavijeshi vamizi ni mdogo, kama sentimita 3 hadi 4, na hana miiba mikubwa. Kichwani ana alama ya Y iliyogeuzwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyojipanga kama mraba. Unamkuta ndani ya moyo wa muhindi, na uchafu wake unafanana na unga wa mbao.

• Viwavijeshi wa zamani, wale wanaotembea kwa makundi ardhini, wanaweza kuwa weusi pia. Lakini wana mistari mwilini, hawana miiba, na wanakula nyasi, mahindi na mpunga.

• Kiwavi wa nondo huyu ni mkubwa, ana miiba, na yupo juu ya mti. Mahindi yako hayamhusu.

Kama bado una shaka, piga picha umuonyeshe afisa ugani kabla hujashika bomba.

Je, anatoa hariri?

Jina la familia linadanganya kidogo. Hariri ya nguo tunayoijua inatoka kwa Bombyx mori, anayekula majani ya mforsadi na kujifunga kifukofuko cha nyuzi. Huyu wetu anajifukia udongoni, hafungi kifukofuko cha kuvunwa. Mtu akikuuzia mayai yake kwa biashara ya hariri, achana naye.

Faida yake ipo kwingine. Nchi kama Nigeria na Kongo viwavi hawa huliwa: hukamuliwa utumbo, huchemshwa na kukaushwa. Lakini kiwavi usiyemtambua kwa uhakika, au aliyetoka kwenye mti uliopuliziwa dawa, usimle.

Ukimkuta ufanyeje?

Zima taa ya nje kwa muda, maana mwanga ndio unaomchanganya. Akibaki ukutani asubuhi, mchukue taratibu kwa karatasi umweke kwenye mti kabla kuku hawajamuona. Ana siku chache tu za kuishi, na labda usiku huo ndio angetaga.